Hukumu Kabla ya Ukurasa wa Mwisho: Riwaya ya Upelelezi na Swali la Haki

Riwaya ya upelelezi husimulia visa viwili kwa mpigo. Kisa cha kwanza kimekwisha: mtu ameuawa au mali imeibwa, na aliyetenda amejificha miongoni mwa wahusika. Kisa cha pili ni cha kutafuta: mpelelezi anahoji, anapima majibu, anapotea, anarudi nyuma, mpaka kisa cha kwanza kifukuliwe chote. Mhakiki Tzvetan Todorov aliueleza muundo huu mwaka 1966, na kwa kuutumia akatenga riwaya ya fumbo na riwaya ya taharuki. Msomaji wa fumbo hutazama nyuma akitaka kujua kilichotokea. Msomaji wa taharuki hutazama mbele akihofia kitakachotokea.

Katika shule za upili nchini Kenya, taharuki hufundishwa kama mbinu ya uandishi, pamoja na mbinu rejeshi na kiangaza mbele. Mafunzo hayo yanafaa kwa mtihani, ila yanaliacha nje swali zito zaidi. Riwaya za aina hii zimejengwa juu ya imani tatu ambazo hazisemwi waziwazi: kwamba kila siri ina jibu, kwamba hatia ina mwenyewe, mtu anayeweza kutajwa kwa jina, na kwamba ukweli ukishafichuka, mambo hutengemaa. Je, imani hizo ni za kweli? Na kama si za kweli, msomaji anayezifurahia anajidanganya, au kuna jambo jingine analojifunza kuhusu haki?

Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Thika ndiko alikokulia mwandishi wa baadhi ya riwaya za mwanzo za upelelezi kuhusu Afrika Mashariki. Ruiru kuna chuo cha kufunzia askari wa magereza, watu wanaompokea mkosaji pale riwaya inapomwachia. Wakazi wa miji hii husoma Kiingereza, Kiswahili na Gĩkũyũ, na wengi wao huenda kanisani au msikitini, ambako habari za siri na hukumu huzungumzwa kila juma.

Koloni la Chania

Elspeth Huxley alizaliwa London mwaka 1907, akaletwa Kenya akiwa mtoto, wazazi wake wakaanzisha shamba la kahawa karibu na Thika. Kitabu kilichomjengea jina, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959. Zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika riwaya za mauaji, zikiwemo Murder at Government House (1937) na Murder on Safari (1938). Mpelelezi wake ni Vachell, afisa wa polisi aliyetoka Kanada, na mandhari ni koloni la kubuni liitwalo Chania. Jina hilo si geni kwa mkazi wa Thika. Chania ni mto unaopita mjini humo na kukutana na mto Thika, mahali penye maporomoko mawili na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908.

Huxley hamfichi msomaji dalili za kisa, na anayesoma kwa makini anaweza kulifumbua fumbo kabla ya Vachell. Hata hivyo, riwaya zake zinafunza jambo ambalo huenda mwandishi mwenyewe hakulikusudia. Katika Murder at Government House anayeuawa ni gavana, na dola nzima inasimama kumtafuta muuaji. Katika Murder on Safari vito vya mwanamke tajiri vimepotea katika msafara wa uwindaji, na Vachell anajifanya mwindaji ili aingie kundini. Siri inapewa hadhi ya kuwa siri kwa sababu ya cheo cha aliyedhulumiwa. Wakati huohuo, ardhi ya pande za Thika ilikuwa imegawiwa walowezi, wakalima kahawa na katani kwa vibarua wa Kiafrika. Jambo hilo halikuhitaji mpelelezi, maana lilikuwa limeandikwa kwenye hatimiliki na kupigwa mihuri ya serikali.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani ameua, kila riwaya ya upelelezi huwa imekwisha kuamua kifo cha nani kinastahili kuulizwa. Uamuzi huo ni wa kimaadili, nao hufanywa kimyakimya, kabla ya sura ya kwanza.

Mzimu na mkono wa mtu

Katika Kiswahili, riwaya ya upelelezi ilipata mwanzo wake mkubwa kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1918–1991). Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la 1957–58, ukachapishwa mwaka 1960. Ulifuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mpelelezi ni Bwana Msa, mvuta kiko asiye na haraka, akiwa na rafiki yake Najum. Wasomaji wamemfananisha na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na ufanano huo hauna ubishi, lakini mazingira anamofanyia kazi ni mengine.

Holmes anachunguza London ya treni na magazeti. Bwana Msa anachunguza mahali ambapo kifo kisichoelezeka kina maelezo tayari. Katika riwaya ya kwanza maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopeleka sadaka na kuomba, na kwa wengi jibu limekwisha kupatikana: mizimu imeghadhibika. Bwana Msa hakubali. Anashuku kwamba mtu anayetaka kuua bila kuulizwa atachagua mahali ambapo watu wataogopa kuuliza.

Kuna wanaosoma kisa hiki kama ushindi wa akili dhidi ya imani. Usomaji huo umepita mipaka. Anachokikataa Bwana Msa ni tabia ya kumsingizia asiyeonekana tendo la anayeonekana, na tabia hiyo dini nazo huikataa. Padri wa Kikatoliki Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya hizi, alitunga kanuni 10 za upelelezi mwaka 1929, na mojawapo inakataza fumbo kufumbuliwa kwa nguvu zisizo za kawaida. Padri huyo aliamini miujiza, na bado akaipiga marufuku riwayani. Alijua kwamba mwandishi anayemtupia Mungu au shetani kosa la mwanadamu anamwachilia mwanadamu.

Kiapo na dalili

Kabla ya mahakama na kabla ya riwaya, jamii za nyanda hizi zilikuwa na njia zao za kukabiliana na siri. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), alieleza viapo vitatu vya Agĩkũyũ. Mũma ulitumika katika migogoro midogo. Kũringa thenge, yaani kumpiga beberu, ulitumika katika mashauri makubwa ya mali. Gĩthathi, kiapo cha jiwe, kilihusu makosa mazito ya mauaji na wizi. Mtuhumiwa aliapa kwamba hana hatia, na akiwa ameapa uongo, adhabu ingemfika yeye au jamaa zake kadiri misimu inavyopita.

Hapa taharuki ni ya namna nyingine. Hakuna mpelelezi, wala hakuna kikao cha mwisho ambapo wahusika wote wanakalishwa sebuleni na mmoja kunyooshewa kidole. Hukumu imekabidhiwa wakati na Mungu, na jamii inasubiri. Msomaji wa leo anaweza kuiona njia hiyo dhaifu, kwa kuwa ugonjwa wa bahati mbaya ungeweza kuchukuliwa kuwa ushahidi. Lakini ilikuwa na nguvu moja ambayo riwaya haina: ilikiri kwamba kuna mambo ambayo wazee waliokutana barazani hawawezi kuyajua siku hiyohiyo.

Mfano wa hatari iliyo kinyume cha subira hiyo ulitokea jirani, upande wa Ukambani. Mwaka 1932, katika kesi ya Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, wanaume 60 walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemshutumu kuwa mchawi. Hukumu hizo za kifo hazikutekelezwa. Kesi hiyo isingefaa kwa riwaya ya fumbo hata kidogo, maana wauaji walijulikana. Walijitetea kwamba walikuwa wakiilinda jamii kwa desturi yao. Mahakama ya kikoloni ilitaka kugawa hatia mtu mmoja mmoja, ilhali washtakiwa waliliona tendo hilo kuwa la wote. Imani ya pili ya riwaya, kwamba hatia ina mwenyewe mmoja, hapo ilikwama. Na kwa upande wa marehemu, waliompiga waliamini kwamba fumbo limekwisha kufumbuliwa: ugonjwa una mchawi, na mchawi ni huyu. Jibu lilipatikana mapema mno.

Upelelezi katika vitabu vitakatifu

Msomaji wa dini hana haja ya kungoja Holmes ili akutane na upelelezi. Katika kitabu cha Mwanzo, baada ya Habili kuuawa, Mungu anamwuliza Kaini ndugu yake alipo. Muulizaji analijua jibu, na bado anauliza. Wafasiri wengi wameliona swali hilo kuwa nafasi anayopewa mkosaji ya kusema mwenyewe kabla ya kushtakiwa.

Hadithi iliyo karibu zaidi na riwaya ya upelelezi ni ile ya Susana. Inapatikana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli katika Biblia za Kikatoliki, huku Biblia zinazotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti zikiwa hazina sura hiyo. Hivyo, Mkatoliki na muumini wa kanisa la Kiprotestanti la PCEA wanaokaa ploti moja Ruiru wanaweza kuwa na Biblia mbili, moja yenye hadithi hiyo na moja isiyo nayo. Wazee wawili wenye heshima wanamsingizia Susana uzinzi. Umati umekwisha kumhukumu kifo. Danieli, kijana, anadai kesi irudiwe, anawatenganisha mashahidi, na kumwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alimwona Susana na mwanamume. Mmoja anataja mti huu, wa pili mti mwingine. Uongo unaporomoka kwa swali moja dogo lililoulizwa mara mbili.

Katika Kurani, Surat Yusuf ina dalili iliyo wazi kabisa. Mke wa bwana wake anamshtaki Yusuf, na shahidi wa nyumba hiyohiyo anapendekeza kanzu ichunguzwe: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke anasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, Yusuf alikuwa akikimbia. Imechanwa nyuma. Lakini kisa hakiishii hapo kama ambavyo kingeishia riwayani. Yusuf ameonekana hana hatia, na bado anatiwa gerezani. Imani ya tatu, kwamba ukweli ukifichuka mambo hutengemaa, inakanushwa ndani ya kisa kilekile kinachosifu ushahidi. Kurani inaongeza mpaka mwingine katika Surat al-Hujurat, inapowakataza waumini kudhaniana vibaya na kupelelezana. Kutafuta ukweli wa jinai ni jambo moja, na kuchungulia maisha ya jirani kwa udadisi ni jingine. Riwaya ya upelelezi, inayofungua droo za kila mhusika hata wale wasio na kosa, hupita juu ya mstari huo mara nyingi, na msomaji hupita nayo.

Waandishi Wakristo wa Uingereza nao walijiuliza riwaya humfanyia nini msomaji huyo. G. K. Chesterton, aliyeanza kukusanya visa vya Padri Brown kitabuni mwaka 1911, alimfanya mpelelezi wake awakamate wauaji kwa kujiuliza yeye mwenyewe angeuaje. Padri huyo ameujua uovu kwa kusikiliza maungamo, na hujihesabu miongoni mwa wanaoweza kutenda. Mshairi W. H. Auden, katika insha ya 1948, aliona mvuto wa kinyume kwa wasomaji walio wengi: mhalifu akitajwa, wote waliobaki wanakuwa safi, na msomaji pamoja nao. Kwa Auden, hiyo ni ndoto ya kurudi Edeni bila toba. Tofauti ya wawili hawa ndiyo kiini cha swali la maadili. Riwaya moja humwacha msomaji akifurahi kwamba muuaji ni mwingine. Riwaya nyingine humwacha akijua kwamba angeweza kuwa yeye.

Muuaji mcha Mungu

Kitabu kilichozisukuma imani hizo tatu kwa nguvu kuliko vyote Afrika Mashariki kiliandikwa na mwana wa Kiambu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamirithu, Limuru, mwaka 1938 na kufariki Mei 2025, alichapisha Petals of Blood mwaka 1977. Riwaya inaanza kama riwaya yoyote ya fumbo. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe cha Theng'eta, Chui, Kimeria na Mzigo, wamekufa katika moto mjini Ilmorog. Wanaoshukiwa ni wanne: mwalimu Munira, Karega wa chama cha wafanyakazi, Abdulla mwenye duka, na Wanja mwenye nyumba iliyoungua. Inspekta Godfrey anafika, na kuandikisha taarifa kunaanza.

Godfrey anapata jibu sahihi. Aliyechoma nyumba ni Munira, mwalimu aliyeokoka, aliyeamini kwamba anatii amri ya Mungu kwa kuteketeza nyumba ya dhambi na kumwokoa Karega asinaswe na Wanja. Msomaji wa Kiambu, anayekaa kati ya makanisa ya uamsho, hawezi kulipita jibu hili haraka. Munira hakukosa imani. Alikosa shaka. Alijifanya mpelelezi, shahidi, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja, na aliamini kwamba jibu amelipokea kutoka juu.

Ngũgĩ haishii hapo. Wanja naye alikuwa amemkata Kimeria kwa panga kabla moto haujashika, jambo ambalo inspekta halipati. Zaidi ya hayo, kurasa nyingi zinaonyesha jinsi wakurugenzi hao watatu na wenzao walivyoinyang'anya Ilmorog ardhi, biashara na kinywaji chake. Wizi huo Godfrey hana faili yake. Fumbo limefumbuliwa na dhuluma imebaki palepale. Mwishoni mwa mwaka huohuo mwandishi alikamatwa akazuiliwa bila kesi, akakaa katika Gereza Kuu la Kamiti, si mbali na Ruiru, hadi Desemba 1978.

Baada ya kukamatwa

Riwaya nyingi za upelelezi hufungwa pingu zinapofungwa. Kinachofuata, yaani rumande, kesi, kifungo au kitanzi, huachwa nje ya kitabu. Katika riwaya za Kiingereza za miaka ya 1930 kitanzi kilikuwa kinajulikana ingawa hakikutajwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini adhabu ya kifo imo katika sheria. Mwaka 2009 zaidi ya wafungwa 4,000 waliokuwa wakingoja kunyongwa walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Sababu yake inamhusu msomaji wa riwaya moja kwa moja: jaji asiyeruhusiwa kusikiliza mazingira ya kosa hajamaliza kusikiliza kesi. Kumjua aliyetenda hakutoshi kujua anastahili nini.

John Kiriamiti wa Murang'a aliandika kutoka upande huo uliosahauliwa. My Life in Crime, iliyotoka mwaka 1984, ilitungwa na mtu aliyekuwa akitumikia kifungo cha wizi wa mabavu, nayo ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana nchini. Ndani yake hakuna fumbo, kwa kuwa mhalifu ndiye msimulizi. Kuna taharuki tupu: je, atatoroka? Msomaji muungwana, anayelipa kodi na kwenda ibadani, anajikuta akiomba gari la polisi lichelewe. Wakosoaji waliohofia vitabu vya namna hiyo kuharibu vijana hawakukosa sababu. Lakini huruma hiyo ina faida yake. Anayekubali kwa saa chache kuutazama msako kutoka upande wa anayesakwa hatakuwa mwepesi kumwona mshtakiwa kama jina tu kwenye orodha ya kesi za asubuhi katika mahakama ya Thika.

Siri zisizo na jibu

Historia ya Kenya haikubaliani na imani ya kwanza, kwamba kila siri ina jibu. Mwanasiasa Pio Gama Pinto aliuawa Februari 1965, mbunge Josiah Mwangi Kariuki Machi 1975, na waziri Robert Ouko Februari 1990. Kuhusu Kariuki, kamati ya bunge iliteuliwa. Kuhusu Ouko, mpelelezi John Troon aliletwa kutoka Scotland Yard, kisha kukaundwa tume. Ripoti zimeandikwa na majina yametajwa, lakini mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia mahakamani kwa kuwapangia Kariuki na Ouko vifo vyao. Raia wa nchi hii wako katika hali ya mnunuzi wa riwaya ya mtumba anayegundua akiwa ndani ya matatu kwamba kurasa za mwisho zimeng'oka.

Muumini ana jibu lake: siku ya Kiyama, lililofichwa litafunuliwa. Kwa Waislamu na Wakristo ahadi hiyo ni msingi wa imani, na mtu anaweza kuiona riwaya ya upelelezi kama kivuli chake, ambamo Mungu ameondolewa na nafasi yake kukaliwa na mpelelezi. Lakini ahadi hiyo inaweza kutumiwa vibaya. Mtawala anayewaambia wafiwa wamwachie Mungu anaitumia Kiyama kufunga faili. Imani ya hukumu ya mwisho haimwondolei Danieli kazi ya kuwatenganisha mashahidi leo.

Taharuki kwa anayejua mwisho

Wanafalsafa, akiwemo Noël Carroll, wamejadili kitendawili hiki: ikiwa taharuki hutokana na kutojua, kwa nini anayerudia kitabu bado huingiwa na hofu palepale? Mwanafunzi aliyesoma mwongozo kabla ya riwaya anajua nani atakufa, na bado hupata kigugumizi akikaribia ukurasa huo. Jibu mojawapo ni kwamba hofu haihitaji kutojua. Inatosha kuliwaza jambo baya kama linalowezekana na kumtakia mhusika mema.

Ibada zinaliunga mkono jibu hilo. Kila Ijumaa Kuu waumini wa Thika hufuata Njia ya Msalaba mitaani, kituo baada ya kituo, na hakuna asiyejua habari inavyoisha. Hawafuati ili wajue. Wanafuata ili wawepo, na ili kila mmoja ajiulize angesimama upande gani umati ulipopiga kelele. Vivyo hivyo, thamani ya riwaya ya upelelezi haiishii katika jina linalotajwa mwishoni. Kama ingeishia hapo, kila nakala ingetupwa baada ya kusomwa mara moja.

Subira kama wajibu

Thamani hiyo iko katika muda ulio kati ya maiti na jina. Katika kurasa hizo msomaji analazimika kufanya kazi ngumu kwa akili ya mwanadamu: kuwashuku watu kadhaa bila kumhukumu hata mmoja. Mwandishi hodari humtega kwa kumpa mtu wa kumchukia mapema, mwenye sura mbaya, kazi duni au historia ya makosa, kisha humwonyesha kwamba chuki yake haikuwa ushahidi.

Zoezi hilo si la starehe tu katika miji yenye vituo vya matatu. Mtu anapiga kelele za mwizi, kijana mmoja anakimbia, kiatu kimoja kimebaki nyuma, na wengine wanamfuata bila kuuliza ameiba nini. Anayefika wa kumi ana uhakika kuliko wa kwanza, ingawa wa kwanza peke yake ndiye aliyeona chochote. Jiwe linaokotwa, petroli inatafutwa. Polisi wakifika huwa wamechelewa, na gazeti la kesho litaandika kwamba mshukiwa aliuawa na umati wenye hamaki. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Umati huo humnyima hata moja, na ukikosea hauna namna ya kurudisha. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni kanuni ileile inayomtawala msomaji wa fumbo, ila huku inalinda uhai.

Imani tatu za riwaya, basi, hazisimami sawa. Kwamba kila siri ina jibu ni tumaini la muumini, na si uzoefu wa raia. Kwamba hatia ina mwenyewe ni kweli nusu: Munira alichoma nyumba, lakini Ilmorog iliharibiwa na wengi, na Kumwaka hakuwa peke yake. Kwamba ukweli hutengeneza mambo imekanushwa tangu kisa cha Yusuf. Anayesoma riwaya hizi akitafuta ulimwengu uliotengemaa anapata faraja isiyo na msingi. Anayezisoma akijizoeza kupima kila neno la shahidi, kushuku uhakika wake mwenyewe na kungoja, anapata sifa ambayo hakimu, mwenye duka na abiria wa kituo cha matatu wanaihitaji kwa kiasi kilekile. Mtunzi anaweza kumpa nafasi ya kujizoeza. Kuitumia sifa hiyo nje ya kitabu ni juu yake.